Mashahidi wa Benchi la Kaloleni

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, kwenye kona ya Kaloleni, mgongo ukiegemea duka la vifaa vya ujenzi la Elinami na uso ukitazama barabara. Anayekaa pale mlima ulio nyuma ya duka hauoni, ila anamwona kila anayepita, na ndiyo sababu watu wanakaa. Sakaya humimina kahawa tangu asubuhi, na birika likikauka kikao kimekwisha. Siku hiyo Kaanaeli, fundi aliyewafungia watu breki za malori mpaka akaitwa Breki na jina la ubatizo likasahaulika, alifika akiwa amekwisha kukasirika. Jana yake jioni, jua likiwa bado linawaka, mwanaume mmoja mwenye gari jeupe alimshusha Eunike mbele ya benchi hilohilo na kumpiga mpaka akaangukia mtaroni. Eunike amepanga chumba jirani na uwanja, ni dada anayejiuza, na Kaloleni nzima inajua. Alikwenda kituoni kulalamika kwa miguu yake mwenyewe. Afande akamwambia alete shahidi hata mmoja, la sivyo atakayepandishwa mahakamani ni yeye, kwa uzururaji. Akawekwa ndani, na habari hiyo ikafika kwenye benchi kabla ya kahawa.

Wa kwanza kuichukua alikuwa Joel, aitwaye Wakili. Sheria hakuisoma popote, ila zamani aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, na tangu hapo hajawahi kupumzika.

— Kisheria pale hakuna kesi, alisema. Mtu yuko kwenye kazi isiyoruhusiwa, analalamika nini? Muuza gongo akimwagiwa gongo yake, aende kwa nani?

— Hakumwagiwa gongo, Breki alisema. Alipigwa.

— Ni mle mle.

— Si mle mle, Joel. Alipigwa usoni.

— Hata bondia anapigwa usoni. Umeshaona bondia anakwenda polisi?

Breki alimeza kahawa yote kwa mkupuo, ikamuunguza koo, naye akaona afadhali hiyo kuliko kujibu. Ukimjibu Wakili unamtilia mafuta.

Elinami akasogeza kofia yake. Ni mzee wa kanisa, mtu wa Moshi, na huonekana zaidi kwenye benchi kuliko dukani mwake.

— Mimi nawaambia, tangu hawa wahamie mtaa huu, misumari haitoki. Baraka imeondoka.

— Misumari haitoki kwa sababu dukani hukai, Sakaya alisema akisuuza vikombe.

— Wewe mimina. Hili ni jambo la kiroho.

— Wazee wangu, mmeachwa mbali, alisema Brayson, kijana wa bodaboda ambaye wanamwita Redio kwa kuwa hangoji kuulizwa. Hawa madada wana mashirika Ulaya huko. Akipigwa anajipiga picha, anatuma, anapewa viza. Kuna chalii yangu ananiambia wako wengi tu huko, wanakula bata.

— Picha alipiga kwa simu gani, na simu yake ilitupwa mtaroni?

— Ndiyo ujue ilipangwa, Mzee Breki. Ile ya mtaroni ni ya geresha.

— Na jino lililong'oka nalo la geresha?

— Siku hizi meno yanawekwa.

Breki aliwatazama mmoja mmoja. Watu hawa anawafahamu, amezika nao na kuozesha nao, na asubuhi hiyo alitamani kuwamwagia birika zima.

— Haya, nyie mliona nini hasa? aliuliza.

Hapo benchi likachangamka.

— Niliona mwanzo mpaka mwisho, Wakili alisema. Alianza kwa kofi la kushoto. Yule ni mashoto.

— Mashoto wapi, Elinami alidakia. Mkono wa kulia ndio wenye pete, na pete ndiyo iliyomchana juu ya jicho. Mimi nilikuwa mlangoni, karibu kuliko wewe.

— Kabla ya kofi kulikuwa na teke, Redio alisema. Pikipiki yangu niliipaki nyuma ya gari lake, namba yake ninayo kichwani hadi herufi ya mwisho. Tena ile siyo mara ya kwanza gari lile kuja hapa.

— Teke lilikuja baadaye, Wakili alisema, alipokwisha kuanguka.

— Kabla. Simama, nikuonyeshe.

Wakili akasimama. Redio akamkamata ukosi wa shati, akamzungusha, Elinami akiwasahihisha: mkono juu zaidi, sasa msukume, hapana, alimsukumia upande wa mtaro. Walibishana mpaka wakakubaliana juu ya kila kitu, rangi ya shati na tusi alilotukanwa Eunike.

— Vizuri, Breki alisema. Sasa nendeni mkamwambie afande hayohayo.

Redio akaachia ukosi. Wakili akaketi, akaupapasa.

— Ukienda, swali la kwanza unaulizwa huyu mwanamke ni nani yako, alisema.

— Unajibu siyo wangu.

— Ndivyo wanavyojibu wote.

— Mimi ni mzee wa kanisa, Elinami alisema. Nikionekana pale namtetea changudoa, Jumapili nitashika sahani ya sadaka kwa uso gani?

— Aliyepigwa ni mtu, Elinami. Angekuwa mbuzi wako anapigwa vile ungeinuka.

— Mbona wewe huendi? Redio aliuliza, bila ubaya wowote.

Breki akakohoa.

— Mjukuu wangu anapata kipaimara wiki hii. Wageni wanakuja.

Wote watatu wakaitikia kwa kichwa, kwa upole. Sababu hiyo waliielewa mara moja, na huko kuelewa kwao kulimuudhi Breki kuliko gongo, bondia na viza. Alikuwa ametoka nyumbani akiomba mmoja wao aone haya, aende, ili yeye asiende.

Wakiwa hivyo, mama mmoja alivuka barabara kutoka upande wa kituo. Alivaa sweta juu ya kitenge, viatu vina udongo mwekundu wa kijijini Akheri, na mkononi ana kikapu cha nguo zilizokunjwa.

— Shikamoo mama, Redio alisema.

— Marahaba, mwanangu.

Alipomwona Breki alimtambua kwa sura kuwa ni mtu wa kwao, akamsalimia kwa Kimeru. Breki akamjibu kwa Kiswahili, wenzake wasije wakadhani ni ndugu.

— Mimi ni mama yake Eunike, alisema. Wameniambia hapa ndipo ilipotokea.

— Pole sana mama, alisema Elinami. Ila sijui kama unajua hapa mjini binti yako anafanya kazi gani.

— Najua, baba. Alinieleza mwenyewe. Sijaja kuuliza kazi. Nauliza, nani kati yenu alimwona huyo mtu akimpiga mwanangu?

Elinami akatazama misumari yake dukani. Redio akatoa simu ambayo haikuita.

— Kulikuwa na giza, mama, Wakili alisema taratibu.

Breki alikuwa na neno la kusema, neno moja tu, mimi. Lilifika kwenye meno likakaa hapo. Alimwona mjukuu katika gauni jeupe, akaona turubai, akawaona wageni wakinong'ona, na neno likarudi lilikotoka. Alijichukia, na hilo halikumsaidia Eunike chochote.

Mama akakihamishia kikapu mkono wa pili. Kisha akashukuru, kama mtu aliyehudumiwa.

— Basi nisogezeeni nikae. Huenda atapita aliyeona.

Wakasogea. Ubao ni mfupi, Breki akabaki nusu hewani, bega lake likigusana na la mama. Mama akakiweka kikapu mapajani, akamwita mpita njia wa kwanza, mwanaume aliyebeba mfuko wa saruji.

— Samahani baba, jana jioni ulikuwepo hapa?

— Hapana, mama, alijibu yule mtu, na huyu alikuwa anasema kweli.