Sekunde Kumi na Nne za Ukuta wa Jomvu

Wasikilizaji wapendwa, salaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyote hamjambo. Leo sikufungua kwa muziki. Fundi wa mitambo aliniuliza kulikoni, nikamwambia mtu mwenye hasira hapigiwi taarabu. Mimi ni Kadenge, yule yule mnayemsikia kila Jumamosi mchana. Na leo nina hasira.

Tunamkumbuka Nafula Simiyu. Miaka arobaini na mmoja, mshonaji katika kiwanda cha nguo Changamwe, mkazi wa Jomvu Kuu. Nafula aliangukiwa na ukuta. Watu wanasema alikufa kwa ajali. Ajali gani hiyo inayotangazwa miezi kumi na minne kabla haijatokea? Mimi nasema aliuawa. Na kabla kipindi hiki hakijaisha nitawatajia mmoja wa waliosaidia kumuua.

Nafula alizaliwa Bungoma, akaja Mombasa akiwa na miaka ishirini na miwili. Kiwandani alishona mifuko ya suruali. Si suruali nzima, jamani, mifuko tu, miaka kumi na tisa. Kaka yake Clifford, fundi wa matairi, anamkumbuka hivi: "Siz alikuwa hatulii. Alinunua simu ya mtumba, kioo kimepasuka kona, akaanza kupiga picha unga. Nikamwambia, siz, wenzako wanapiga selfi, wewe unapiga unga?"

Naam, unga. Unga wa mahamri wa jirani yake, Bi Mahfoudha, mwenye duka, ambaye ukoo wake uko Jomvu tangu enzi za mababu. Nafula aliitegesha simu mbele ya beseni, ikapiga picha kila nusu dakika kwa saa tatu. Picha mia tatu na sitini. Kisha akaziunga zikawa filamu ya sekunde kumi na mbili. Saa tatu ndani ya sekunde kumi na mbili!

Bi Mahfoudha aliniambia, "Mwanangu, nimekanda mahamri miaka hamsini, sijapata kuuona unga ukiumuka. Siku ile niliuona kwa mato yangu mawili. Wallahi nilicheka hata nikatoka matozi."

Basi ikawa hivyo. Nafula akipiga maji ya mkono wa bahari yakiingia kwenye mikoko na kutoka. Akipiga nguo zikikauka kambani. Hakusomea, hakulipwa. Alipenda tu kuona kile ambacho jicho halina subira ya kukiona.

Kisha akajaribu picha za mwendo. Hatua moja, picha moja. Hatua moja, picha moja. Kutoka mlangoni kwake hadi kwenye kioski cha maji, simu juu ya stendi ya miguu mitatu, mnara wa msikiti ukiwa katikati ya kioo daima. Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Nyinyi watu wa Pwani mnajijua. Mtu akipiga hatua akasimama, akapiga hatua akasimama, na mbele yake pana kidude cha miguu mitatu, huyo ni nani? Huyo ni mpima ardhi! Katumwa na wanyakuzi! Wakamzingira, wakaivunja stendi.

Bi Mahfoudha akatoka dukani na upawa wa mafuta mkononi. "Yuwapima nini huyu? Yuwapima ujinga wenu! Mwacheni!" Wakamwacha. Lakini fununu haikufa, ikabaki kwamba yule mama wa bara anawapimia watu viwanja.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penyewe. Nafula alikuwa na filamu mbili za njia ile ile, ya Januari na ya Machi, mwaka jana. Akizitazama nyumbani akaona kitu. Kando ya njia kuna yadi ya makontena, yenye ukuta mrefu. Januari, kati ya ukuta na mnara wa msikiti palikuwa na upana wa vidole viwili kwenye kioo. Machi palibaki kidole kimoja na nusu. Mnara haujaondoka mahali pake. Basi nini kilichosogea?

Alitaka hakika. Akajenga kitako cha simenti kwenye baraza la Bi Mahfoudha, simu ikae pale pale kila siku. Mwanzoni filamu ilirukaruka, kwa sababu vivuli havikulingana. Bi Mahfoudha akamfunza: "Piga ikiadhiniwa alasiri. Alasiri huhesabiwa kwa kivuli." Basi Mluhya wa kanisani akawa anaisubiri adhana kuliko waumini wengine ninaowajua. Siku akikwama kiwandani, Bi Mahfoudha ndiye aliyebonyeza. Picha moja kila siku. Miezi kumi na minne. Picha mia nne na ishirini, sekunde kumi na nne. Na ndani ya sekunde hizo kumi na nne, ukuta unainama kuelekea njiani.

Mwenye yadi alikuwa amerundika kifusi nyuma ya ukuta na kuziba mfereji wa maji. Nafula alikwenda kwake, mlinzi akamfukuza getini. Akaenda ofisini kwa wahusika. Afisa mmoja, jina lake nalijua na leo silitaji, akamwambia alete ripoti ya mhandisi. Mshonaji wa mifuko alete mhandisi! Ebo!

Akawaendea majirani. Akawaambia, ipitieni njia ya juu mpaka ukuta ubomolewe. Wakakataa kata kata. Nami nawaelewa, na hilo ndilo linaloniuma. Pwani hii njia isipopitwa mwaka mmoja, mwaka wa pili ina geti. Tumeyaona hayo mpaka tumechoka. Wakasema, hii ndiyo kazi aliyotumwa, tuihame njia yetu ichukuliwe. Basi wakawa wanapita pale kwa makusudi, hata asiye na safari, ili kuilinda.

Mwisho akaja hapa redioni. Jumamosi moja mwezi wa Mei, kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu. Nataka msikie tulivyomsaidia. Fundi, tia ukanda.

"Mama Nafula, hii filamu si umeiharakisha?" "Ndiyo, nimeiharakisha, lakini..." "Basi! Hata mimi na tumbo langu hili ukiniharakisha nitaonekana nakimbia Olimpiki! Ha ha ha! Wasikilizaji wa Jomvu, njia ni yenu. Msiiache kwa sababu ya sinema. Mama, tunakushukuru, sasa twende kwenye taarifa ya habari."

Zima. Zima, fundi, inatosha.

Mmeisikia sauti hiyo? Mnaijua ni ya nani. Nilisema nitamtaja mmoja, huyo ndiye. Shuleni sote tumeandika kwenye insha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanamke akatuletea ufa wenyewe mkononi, nami nikamcheka mbele ya watu maelfu.

Siku kumi na saba baadaye, Jumanne, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Ikaadhiniwa alasiri. Nafula akapiga picha ya mia nne thelathini na saba. Bi Mahfoudha alikuwa amesimama karibu naye. Anasema Nafula aliitazama simu, akautazama ukuta, akatoka mbio.

Njiani walikuwamo wanawake sita wenye mitungi ya maji. Wa mwisho alikuwa Jalila, mwenye mimba ya miezi minane. Watano walikimbia waliposikia kelele za Nafula. Jalila hakukimbia. Ameniruhusu niyaseme maneno yake: "Alinisukuma, mtungi ukamwagika. Nikamwambia, wewe mama wazimu, niondokee! Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Nikageuka, simuoni, naona matofali."

Jalila amejifungua mtoto wa kike, mzima.

Nilisafiri Bungoma kwenye maziko. Nilitaka Clifford anitukane, nilikuwa tayari kabisa. Hakunitukana. Alisema, "Siz hakukuchukia. Alisema huyo jamaa ana sauti poa, shida tu hakuangalia."

Clifford, na mama yenu mzazi huko Bungoma, poleni sana. Bi Mahfoudha, pole, umepoteza mwana. Washonaji wenzake wa Changamwe, poleni. Kwenu nyote naomba radhi, hapa hapa hewani nilipomcheka.

Lakini hasira yangu haijakwisha, na nitawaambia kwa nini. Mwenye yadi anaujenga ukuta tena. Msingi ule ule. Kifusi kile kile nyuma yake. Mfereji bado umezibwa. Na watu wanapita, maana njia ni yao, na kweli ni yao. Idaini njia yenu, lakini daini pia ukuta uondoke!

Bi Mahfoudha ana miaka sabini na mmoja. Simu ya Nafula iko tena kwenye kitako cha simenti, barazani kwake. Leo ikiadhiniwa alasiri atabonyeza picha ya tisa ya ukuta huu mpya. Nami nitakuwa pale.

Wasikilizaji wapendwa, siku ile Nafula aliiweka simu yake mezani hapa, filamu ikaanza kucheza. Mimi nikawa naitazama saa ya ukutani, nisichelewe taarifa ya habari. Nilitazama sekunde nne, nikaisukuma simu kando. Baada ya maziko nimeitazama yote, tena na tena. Sekunde nne za kwanza jicho linaona ukuta umesimama wima. Unaanza kuinama sekunde ya tano.