Makofi ya Kuketi kwa Mama Dakika Tatu

Baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya mishipa ya fahamu, muuguzi mkuu wetu, ambaye wagonjwa humwita Mama Dakika Tatu, anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini Juni. Mimi, mtunza majalada, nimeombwa niandike haya. Naomba radhi mapema, kwani wapo wenye kalamu bora, na kisa nitakachosimulia kinanihusu kwa aibu.

Wengine walimpima mgonjwa presha akiwa amelala, wakaandika "nzuri", wakaenda zao. Yeye alimpima amelala, akamsimamisha, akaitazama saa ya ukutani dakika tatu, kisha akampima tena. Ndivyo alivyowagundua wale ambao mishipa yao imesahau kupandisha damu kichwani: wakilala huonekana wazima, wakisimama huporomoka kama nguo iliyokatikiwa kamba.

Mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyesimamisha madarasa miaka arobaini. Jioni moja nilipeleka majalada wodini, akaingia daktari mgeni. Kwa malezi ya misheni, nikatamka, "Tusimame, jamani, daktari huyo." Mwalimu akainuka kwa utii. Hakumaliza salamu, akaanguka, paji la uso likagonga kabati.

"Mlazeni! Miguu juu!" Mama Dakika Tatu, Sista wetu, alikwisha kufika. Mwalimu akafumbua macho, lakini daktari, kwa hofu, akaamuru, "Sista, mpe kidonge kingine cha kupandisha presha, upesi!"

Kidonge kilikuwa tayari kwenye kijiko. Sista akakifunika kwa kiganja.

"Samahani, daktari. Dawa hii na kulala chali havipikiki chungu kimoja. Nimpime kwanza."

Akaminya pampu ya kipimo. Mia moja tisini na tano: akilala, presha yake hupanda mno. Kidonge kile kingeweza kumpasua mshipa wa kichwa. Daktari alikirudisha chupani mwenyewe, akashukuru, nao wakainua kichwa cha kitanda ili presha ishuke.

Asubuhi mwalimu alikunywa bilauri mbili za maji, akafungwa mkanda wa tumbo, akaketi ukingoni miguu ikining'inia, ndipo akasimama. Dakika moja. Mbili. Jasho lilimtoka, nami pia. Tatu.

"Bado nipo?"

"Upo, mwalimu. Usitafute sifa, keti."

Mimi Sista hakunikaripia. Alinipa nyundo, msumari na kibao cha kutundika mlangoni: HAPA HESHIMA HUTOLEWA UMEKETI.

Ijumaa mwalimu huyo na wagonjwa wenzake watakaa safu ya mbele. Sista atakapoingia, miguu yenu itawasumbua. Nawasihi, msisimame, maana nao watainuka. Tumpigie makofi tukiwa vitini. Sijawahi kubaki nimeketi mama akiingia, na marehemu mke wangu, aliyeishikilia sana adabu hiyo, anisamehe.

Ahsante, dada yetu. Inuka polepole kila asubuhi. Hakuna tena kengele inayokuita. Mungu akujalie siku nyingi, na miguu imara ya kuzisimamia.