Boksi Tupu Kwenye Droo Yangu

Bwana asifiwe! Aa, hiyo amina ya watu wenye usingizi. Bwana asifiwe sana!

Mimi Mama Neema wa Mabawa, natengeneza dawa za watoto kwenye famasi ya hospitali. Ndugu zangu, dawa za wachanga mara nyingi haziji tayari. Tunachukua vidonge vya wakubwa, tunavisaga kwenye kinu kidogo, tunachanganya na maji ya sukari, tunapima. Miaka yote nilipima kwa kichwa changu, na kichwa chenyewe kilijaa kiburi!

Ukaletwa mfumo wa kompyuta. Eti kabla ya kusaga, uskani boksi la vidonge, kompyuta ikague nguvu ya dawa ndipo ikupe hesabu. Nikanuna. Mimi nifundishwe kazi na kioo? Sikilizeni ujanja wangu. Nikaficha boksi moja tupu la vidonge vya moyo kwenye droo. Nasaga kwanza, nikimaliza naskani lile tupu, kompyuta inakubali, maisha yanaendelea. Najiona mjanja kweli!

Asubuhi moja bibi mmoja wa Muheza alikaa dirishani akisubiri dawa ya moyo ya mjukuu wake wa wiki tatu. Nimeshasaga, nimeshachanganya. Nafungua droo, boksi hakuna! Mwenzangu Rehema alikuwa amefanya usafi, kalitupa. Nikamfokea masikini wa Mungu mbele ya watu.

"Dada, si lilikuwa tupu?" akanishangaa. "Skani hilo ulilofungua."

Nikaliskani kwa hasira, kioo kikawaka. Nyekundu. Nikarudia. Nyekundu. Nikavaa miwani, nikasoma boksi. Yesu wangu! Mzigo mpya ulikuja na vidonge vyeupe vilevile, lakini nguvu yake mara nne! Chupa ya kumuua yule mtoto ilikuwa mkononi mwangu, nimeshaibandika na jina lake.

Ndugu zangu, nilikaa sakafuni na koti langu jeupe. Nililia. Rehema, niliyemtukana dakika ile, ndiye aliyeniinua. Tukaitenga ile chupa, nikamweleza mkuu wetu kila kitu, nikaanza upya hatua kwa hatua kama kompyuta ilivyotaka.

Kisha nikaenda dirishani. "Shikamoo bibi. Nimekuchelewesha kwa sababu dawa ya kwanza niliikosea. Ingemdhuru mtoto. Nisamehe."

Akaniangalia, nikaona nimekwisha. Akauliza, "Na hii umeipima?"

"Nimeipima bibi, na kompyuta imeikagua, na Rehema pia."

"Basi ilete, mwanangu. Mtoto anangoja."

Haleluya! Mungu alimwokoa mtoto kwa ufagio wa Rehema, na mimi akaniokoa na kiburi. Siku hizi wageni wa kazi nawafundisha mimi huo mfumo, na nyekundu ikiwaka nasema asante. Mume wangu ananitania kwamba hata chumvi ya mchuzi naitafutia mizani!

Ndugu yangu, unayemficha Mungu kitu ukidhani unajiokolea muda, kitoe leo. Mwamini, hatakuaibisha. Mimi nilidhani nikisema ukweli nitafukuzwa na kila mtu, na bibi yule leo amepanda gari kutoka Muheza kuja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Karibu bibi! Na huyo mtoto anayepiga kelele kule nyuma tangu nianze kusema, wazee wa kanisa, msimtoe nje. Ndiye yeye. Mwacheni alie!