Dui ya Pramod na Dui ya Ansuma

Alasiri ile, njia ya sokoni Ibra, Uarabuni, mbele ya dirisha la chai la Pramod, benchi la saruji lilikuwa na watu wake watatu wa kila siku. Wa kwanza ni Mzee Humaid, mzaliwa wa Unguja, aliyefanya kazi ya kufasiri barua serikalini mpaka akastaafu. Wenzake walimwita Kamusi, naye jina hilo alilipenda kuliko alivyoonesha. Wa pili Nadhir, aliyeitwa Bujumbura kwa sababu ndiko alikozaliwa. Wa tatu Khalaf Rubani, ambaye hajapata kurusha ndege. Aliendesha lori la maji miaka thelathini. Kwenye ncha ya benchi, peke yake, alikaa Ansuma, fundi wa vigae kutoka Asam, Uhindi, mwenye miezi mitatu pale Ibra. Vumbi la saruji lilikuwa bado nyweleni, simu kaiweka sikioni. Alikuwa akisikiliza ujumbe wa sauti wa mwanamke, ukiisha anaurudisha. Na machozi yalikuwa yakimtoka.

Ubishi juu ya Ansuma ulianza mapema wiki ile. Pramod, mwenye dirisha, ni mtu wa Orisa, huko huko Uhindi, na lugha yake ni Kiorisa, ingawa Kiswahili cha benchi kimemwingia. Lugha ya Ansuma ni Kibodo. Kamusi alishakata shauri kuwa tofauti hapana.

— Ni kama Kiunguja na Kipemba, alisema tena siku ile, kwa sauti ya chini. Wote Wahindi hawa.

— Mbona juzi ulipowahesabisha walipishana? aliuliza Nadhir. Pramod kasema eka, dui, tini. Huyu kasema se, noi, tham. Hapo pamefanana nini?

— Lahaja hiyo, yakhe.

— Lahaja gani isiyofanana hata moja? Mimi naona sistimu yake ya Kichina kabisa.

— Wahenga walisema, alidakia Khalaf, mtumai cha nduguye hufa maskini.

— Hiyo inahusu nini?

— Inahusu ndugu.

Ile sauti ya simuni ikapanda, ikawa kama ya mtu anayekimbia huku akisema. Neno moja lilirudi mara nyingi: dui, dui. Kamusi akageukia dirishani.

— Pramod, anasema nini huyo mwanamke?

Pramod alitega sikio, birika mkononi, kisha akatikisa kichwa.

— Sijui, baba. Nimeshika neno moja tu. Dui. Mbili.

— Inna lillahi, alisema Kamusi. Wamekufa wawili.

— Lakini juzi mbili yake ilikuwa noi.

— Mwenye msiba hahesabu kama mtu wa dukani, Nadhir. Wawili, khalas. Pengine mama na baba.

— Au mkewe kazaa pacha. Kuna machozi ya furaha pia.

— Furaha ndiyo hiyo? Hebu mtazame.

— Ndovu, alisema Khalaf.

— Ndovu wamefanya nini?

— Asam kuna ndovu. Wawili wameingia shambani kwao, dume na jike, wamelala kwenye mpunga na hawataki kuondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kamusi hakucheka. Siku zote alikuwa na huruma kwa wafiwa. Alimwinamia Ansuma, akaweka mkono kifuani, kisha kwa huzuni akanyoosha vidole viwili. Ansuma akavitazama vile vidole, akamtazama na mzee mwenyewe, asielewe. Akainamisha kichwa.

— Mmeona? alisema Kamusi. Kakubali.

Hapo ndipo gari la Wiam liliposimama. Wiam ni mjukuu wake Kamusi, muuguzi, kaja kumrudisha babu yake nyumbani. Kiswahili chake alikiokota kwa bibi yake, vipande vipande.

— Shikamooni. Babu, mtu hii nalia nini?

Wakamweleza wote watatu kwa pamoja: msiba wa watu wawili, pacha, ndovu, Kiorisa, Kipemba, Wachina. Wiam alisikiliza mpaka mwisho.

— Sawa. Lakini mmeuliza yeye mwenyewe?

Khalaf akachungulia kikombe chake. Kamusi aliona haya, akajikumbuka yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na sita alipofika Ibra, mwaka sabini na moja. Alisimama mlangoni kwa ami yake, kiu imemkausha, akaomba maji kwa Kiswahili, na watu wa nyumba wakaanza kushindana: huyu mtoto wa nani, anasema lugha gani, Kihabeshi au nini. Maji yalikuja baadaye sana.

Aliinuka, akaenda kukaa ubavuni pa Ansuma. Akamwita Pramod atoke nje.

— Muulize kwa Kihindi chochote mnachoelewana. Taratibu.

Pramod akauliza. Ansuma akajibu kwa neno moja.

— Pani.

— Maji, baba, alisema Pramod. Anasema ni maji.

Ansuma akawaonesha picha ya kwao simuni. Ndani ya nyumba maji ya matope yalikuwa yamefika dirishani, na kitanda kinaelea. Kisha akanyoosha kidole kwenye maji ya jagi la Pramod, akayataja kwa Kibodo. Lilikuwa lile lile neno la simuni, ila si dui ya Pramod. Midomo haikuviringika, na sauti ilitoka nyuma ya kinywa.

Mengine yalipatikana kidogo kidogo. Mto umevunja tuta. Mama yake yuko na dada zake watatu. Ujumbe ulikuja asubuhi, na tangu hapo simu yao haipatikani.

Hakuna aliyeondoka. Wiam alileta chaja kutoka garini, Pramod akapitisha waya dirishani. Magharibi walikwenda kusali kwa zamu ili Ansuma asibaki peke yake. Chai ikaisha, na Pramod hakupika nyingine, alikaa nao.

Simu ililia zamu ya mwisho ikirudi kusali. Ansuma alisimama, akasema mbio mbio, akacheka huku analia. Akageuka kumwambia Pramod kwa Kihindi, naye akafasiri: wako shuleni, ghorofa ya juu, wote wanne. Kisha Ansuma, bila kuombwa, akaiweka simu kwenye sikio la Kamusi.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, na alisema mengi. Kamusi hakushika hata neno moja. Alifungua kinywa atoe Kiarabu, kikatoka Kiswahili.

— Yupo, mama. Yupo hapa na sisi. Hajala bado, lakini atakula.

Kisha yule mama akaendelea, polepole zaidi, kama anayemuusia mtu jambo la mtoto, na Kamusi akawa anaitikia kila alipopumzika.

— Naam, mama. Naam.