Bao la Keza Lisiingie na Mnyauko

Pale njia panda ya Nyakanazi, barabara ya Ngara inapoagana na ya Biharamulo, pana benchi la mbao lililokalia matairi mawili ya lori, mbele ya duka la spea za pikipiki. Wenyewe wanaliita Bungeni. Hapo hakuna jambo linalopita bila kujadiliwa, hasa kama halimhusu mtu yeyote aliyekaa. Mzee Bonaventura hukaa katikati; wanamwita Mahakama kwa sababu kila ugomvi huutolea hukumu kabla haujaanza. Kulia kwake hukaa Frednand, dereva wa zamani wa malori ya Kigali, jina lake Treila. Yohanes muuza kahawa, aliye na birika na jiko la mkaa, ni Buli. Na kando yao, kwenye meza ya kutengenezea simu, yupo kijana Danstan, ambaye kila mtu humwita Antena. Asubuhi hiyo Suzan alifika hapo akihema, flashi ameibana kiganjani kama mtu aliyetumwa dawa ya mgonjwa.

– Shikamooni.

– Marahaba, binti, akasema Mahakama. Unakimbizwa?

– Nakimbizwa na saa, mzee. Mwisho wa kutuma ni saa sita.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Suzan aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipougua. Sasa kulikuwa na mashindano ya vijana wanaoandika programu, na ambaye kazi yake ingepita angepelekwa Mwanza kusoma, akae bweni, ale huko huko. Walijiunga watatu: yeye wa Nyabusozi, Antena wa Bisibo, na Nice, msichana wa Keza kule Ngara. Kila mmoja aliandika mchezo wa bao wa kwenye simu, kwa kanuni za kwao. Waandaaji walitaka kazi zote tatu zije kwa pamoja.

– Lete flashi, akasema Antena. Nanakili mafaili yako, nayabandika kwangu, na kahawa haijapoa.

Suzan hakuiachia.

– Kaka Danstan, ukinakili mafaili tu, historia inabaki kwenye flashi. Itaonekana ni wewe umeandika yote, leo, ndani ya asubuhi moja.

– Si nitawaambia?

– Hawaulizi mtu. Wanasoma historia.

Mahakama akaweka kikombe chini. Neno historia lilimgusa.

– Historia ya nani inapotea hapa?

– Yangu, mzee. Kila programu ina ghala lake. Humo kazi inatunzwa pamoja na kila badiliko: nani alibadili, lini, kwa sababu gani. Tuna maghala matatu. Nataka yawe ghala moja, lakini kila kazi isimame humo kama tawi, na historia yake nzima.

– Matawi matatu, akasema Treila. Shina liko wapi?

– Hayana shina moja. Kila moja lilianza kivyake. Yanakaa pamoja tu.

– Toba! Hizo ni treila tatu bila kichwa. Mimi nimevuta treila mbili mteremko wa Rusumo. Ya nyuma ilinipita, bwana. Naiona hivi dirishani, inanipungia mkono!

– Acha fiksi, akasema Buli. Treila ina mkono?

– Wewe umeshawahi kupitwa na treila yako?

– Sijawahi.

– Basi nyamaza.

Suzan akavuta kigoda, akasogea kwenye laptopu ya Antena. Kwanza alilivuta ghala la Nice kwa mtandao. Maandishi madogo meupe yakaanza kushuka kwenye kioo cheusi, na Bungeni wote wakainama kuyatazama kana kwamba yanatangaza bei ya ndizi.

– Linaingia, akasema Suzan. Hili ni tawi la Keza.

– Linaingiaje bila kubisha hodi? akauliza Mahakama. Watu watatu wasio wa tumbo moja hawalali nyumba moja kabla ya kutambulishana. Antena, lako lilianza lini?

– Mwezi wa nne.

– La Keza?

– Mwezi wa tano, akajibu Suzan bila kugeuka. Langu la sita.

– Basi la Keza liliamkie la Bisibo. La Nyabusozi liyaamkie yote mawili. Na kila tawi lipate mshenga. Mimi nasimama upande wa Bisibo. Treila, chukua Keza.

– Kwa nini Keza?

– Uliwahi kupata pancha kule.

– Kweli. Walinipa na maji.

– Buli, wewe ni wa Nyabusozi.

Lakini Buli hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama na birika mkononi, uso umebadilika.

– Hilo tawi mmesema limetoka Ngara?

– Keza.

– Na limepimwa?

– Limepimwa nini, Buli?

– Mnyauko wa migomba! Bwana shamba alisema nini? Kitu cha mgomba hakitoki wilaya hii kwenda ile bila kupimwa. Tawi ni kitu cha mgomba.

– Mgomba una matawi? akauliza Treila.

– Usinichanganye! Mimi nilikuwa na shamba la migomba, mnalijua. Jirani aliazima panga langu, akakatia kwake kwenye ugonjwa, akalirudisha limefutwa vizuri, linang'aa. Mwaka ule sikuvuna hata mkungu mmoja. Ndiyo maana mnaniona hapa na birika.

Suzan aliinua macho kutoka kwenye kioo. Kisha akarudi kazini, maana sasa ilikuwa zamu ya flashi yake. Aliichomeka, akaandika amri, akabonyeza. Maandishi meupe yakaanza kushuka tena.

– Hicho kidude, akasema Buli polepole, ndicho kinachotoka kwenye kompyuta moja kwenda nyingine?

– Ndicho, akajibu Antena.

– Kinaingia hii, kinatoka, kinaingia ile?

– Ndiyo kazi yake.

– Basi hilo ndilo panga.

Na kabla mtu hajaelewa, Buli aliichomoa flashi, akaibana kwa koleo la mkaa, akaipitisha motoni upande huu na upande huu, taratibu, kama walivyofundishwa kuchoma panga kwenye mafunzo ya kijiji.

– Kaka Yohanes!

Suzan aliruka, kigoda kikaanguka. Moshi mweusi ulipanda, ukanuka kama sahani ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Flashi ilijikunja, ikadondosha tone moja jeusi kwenye makaa.

– Sasa iko salama, akasema Buli.

– Ndiyo nakala pekee! Kompyuta ya parokia niliyoandikia imekufa! Kaka Yohanes, umeunguza kila kitu!

Buli akalitazama koleo, akamtazama binti.

Suzan alirudi kwenye laptopu, akakosea kuandika amri mara mbili. Aliomba orodha ya matawi. Kioo kikaandika: bisibo. Kisha: keza. Kisha kikaandika: nyabusozi.

– Fungua historia, akanong'ona Antena.

Akafungua. Yalikuwemo yote, tangu siku ya kwanza; yalikuwa yamemaliza kuingia kabla flashi haijachomolewa. Antena akaanza kusoma kwa sauti, kila mstari una jina la Suzan mbele yake.

– "Naanza. Sijui kama nitaweza." "Kete zinahesabika." "Kanuni ya Nyabusozi: aliyebakiwa na kete moja ahamie upande wa pili wa ubao. Inakataa." "Bado inakataa." "Nimeota inakubali. Nimeamka, inakataa." "Imekubali! Asante Mungu."

– Imekubali! Treila akapiga benchi kofi, kahawa ikamwagika.

– Tungenakili mafaili tu, Antena akasema, akikwepa macho ya Suzan, hayo yote yangekuwa pale. Akaonyesha jiko.

– Samahani, mwanangu, akasema Buli.

– Nimekusamehe, kaka. Sasa nitume. Saa sita inakaribia.

Alinyoosha kidole. Lakini mkono wa Mahakama ulikuwa umefika kwanza, umetua juu ya kibodi, mzito kama mkungu.

– Hapana. Ghala halitoki hapa na kesi. Tawi la Keza ndilo lililoshukiwa, na mshenga wake hajalitetea.

– Mzee, nakuomba!

– Sheria ni sheria, binti.

– Mimi nalitetea, akasema Treila. Keza hakuna mnyauko. Kama upo, upo kwa bahati mbaya.

– Hiyo si hoja!

– Nilipewa maji kule!

– Maji ndiyo hubeba ugonjwa! akadakia Buli, ambaye toba yake ilikuwa imekwisha.

Wakati huo mama mmoja alishuka kwenye bodaboda, kuku kwapani, akaja kuomba kahawa. Alijitambulisha kuwa ni Secilia, yuko njiani kwenda Ngara, na akataka kujua ni kitu gani kinanuka hivyo. Mahakama, Treila na Buli wakamweleza kwa mpigo: ghala, mashina yasiyokuwepo, washenga, mnyauko, panga. Alisikiliza hadi mwisho. Kuku naye alisikiliza.

– Na hilo tawi la Keza, akauliza, lilikuja na hicho kidude mlichokichoma?

– Hapana, mama, akasema Antena. Hicho kilikuwa cha Nyabusozi. La Keza lilikuja kwa mtandao. Kwa ule mnara.

– Sasa mbona mnara hamjauchoma?

Buli aligeuka taratibu, koleo mkononi, akautazama mnara wa simu uliosimama kilimani nyuma ya maduka, mrefu, mwekundu na mweupe. Mahakama naye akageuka. Jua lilikuwa kali, ikabidi auinue mkono kutoka kwenye kibodi ili akinge macho.

Suzan akabonyeza.

Duara dogo lilizunguka, likazunguka, likasimama. Kioo kikaandika kwamba ghala limepokelewa, matawi matatu, waandishi watatu, na jina lake lilikuwa la tatu, limeandikwa sawasawa. Alilisoma, kisha akalisoma tena akifuata herufi kwa kidole.

Nyuma yake Treila alikuwa anauliza nani mwenye ngazi.