Maneno Mia Nne Yaliyobaki

Benchi la nje ya kibanda cha fundi saa lina miguu mitatu na tofali moja, na wenyeji wote wanajua upande wa kutokaa. Fundi mwenyewe wanamwita Dakika, kwa sababu kila kazi kwake ni "dakika tu", hata ile ya wiki mbili. Asubuhi ile hakuwa na saa ya mtu mkononi. Alishika bahasha iliyofunguliwa, kioo cha kukuzia kikiwa bado jichoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mpita njia. Mbele yake walikaa wale wale wa kila siku: Breki, dereva wa malori aliyestaafu, Faili, karani mstaafu mwenye kipara na jibu la kila swali, na Mama Pindo, fundi cherehani wa kibanda cha pili, mwenye jiko na birika la kahawa. Wote wanne walikuwa wameduwaa.

Ndani ya bahasha mlikuwa na hadithi ya watoto. Dakika alianza kuiandika miezi minane nyuma, siku chache baada ya binti yake kwenda kufanya kazi ng'ambo na kumwachia mjukuu wa miaka sita. Mtoto yule aliingia nyumba ya babu yake kama mgeni. Anakula akiambiwa, analala akiambiwa, na maneno yake ya kutwa unaweza kuyahesabu kwa vidole. Dakika hakujua afanye nini, ila alishawahi kusikia kwamba watoto wanapenda hadithi, basi akaandika ya msichana ambaye mama yake amesafiri. Alitaka kiwe kitabu hasa, chenye jalada na picha, amwekee mapajani amwambie hiki ni chako. Zilikuwa kurasa nane. Kosa lake ni kuisoma kijiweni, maana kijiwe kile kina sheria yake: anayenunua kahawa siku hiyo ndiye mwenye neno la mwisho. Kila aliyenunua kahawa akaongeza kipande, na kurasa nane zikafika sitini na moja.

Sasa mchapishaji alikuwa amejibu. Kitabu atakichapa, lakini kwanza alikipitishia wino mwekundu.

— Yamebaki maneno mangapi? aliuliza Breki.

— Mia nne.

— Elfu nne, unataka kusema.

— Mia nne, Breki. Nimehesabu mara tatu.

— Mia nne ni salamu hiyo, bwana. Mimi nikishuka kwenye lori, kabla sijauliza watoto hawajambo, mia nne zimekwisha. Hebu angalia ukurasa wa tano, pale dereva anapomweleza mtoto habari za tairi la akiba.

— Pamefutwa.

— Pote?

— Mpaka tairi.

Breki aliweka kikombe chini polepole.

— Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama kasafiri. Ulimwengu ndio mimi sasa. Halafu wananifuta?

— Na yule shangazi fundi anayemwambia mtoto avumilie? aliuliza Mama Pindo.

— Mstari mwekundu.

— Jamani. Nilinunua kahawa siku mbili mfululizo kwa ajili ya shangazi yule.

Alitazama karatasi kama aliyeletewa nguo yake mwenyewe imekatwa mikono.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema. Hadithi hii tumeivunja wote, leo anakuja mtu mmoja anatutoa?

— Akili ni nywele, alisema Faili huku akipapasa kipara. Ndiyo maana wananyoa.

Dakika hakucheka. Tarishi wa mchapishaji alikuwa anakuja saa nne kuchukua jibu. Akitia saini, kazi inakwenda kwa mchoraji wiki hiyo hiyo. Asipotia, inasubiri mwaka ujao, na mwaka mzima mwingine wa kula kimya na mtoto yule aliuogopa kuliko alivyotaka wenzake wajue. Lakini atie saini vipi kwenye kitu asichokitambua? Miezi minane ya kazi ilikuwa imekuwa vipande vichache vyeusi kwenye bahari ya wino mwekundu.

— Ni wino tu, alisema Mama Pindo. Mweusi umepanda bei. Wanabana.

— Wino wapi, alisema Faili. Nimekaa ofisini miaka thelathini na moja, na ofisi haitupi kitu. Maneno yako yamewekwa stoo. Kesho anakuja mwandishi mwingine hana maneno, wanamgawia yako. Utafungua kitabu cha mtu ukute barua yangu ya kumtia moyo mtoto, na mhuri wangu juu.

— Hapana, hapana, alisema Breki. Ni uzito. Lori likizidisha mzigo linashushwa mizani, sivyo? Na kitabu vilevile. Mkono wa mtoto unabeba maneno mia nne. Ukiongeza la mia nne na moja, bega linashuka.

— Kuna mtu anapima mabega? aliuliza Mama Pindo.

— Yupo. Ana kipimo. Tena nikwambie, aliyekata hapa si mtu mzima. Angalia mstari huu ulivyopinda. Wameajiri mtoto, wamempa kiti kirefu na kalamu nyekundu, wakamwambia futa kila kinachokuchosha.

Wote walikuwa wanaitazama ile mistari, na kila mmoja alipata baridi kidogo alipoona jinsi ilivyopita bila kusita juu ya kipande chake.

Saa nne kasoro kidogo pikipiki ilisimama. Alishuka tarishi, mwanamke wa makamo, kofia ya pikipiki kwapani.

— Shikamooni, wazee wangu. Nimefuata bahasha.

— Marahaba, mwanangu, alisema Dakika. Kaa, dakika tu.

Alikaa upande wa tofali, wakamsogeza haraka. Mama Pindo akampa kikombe. Wakarudi kwenye mabishano, na yeye, kwa kuwa kungoja ndiyo kazi yake, akachukua kurasa akaanza kusoma. Alisoma vyeusi, akasoma na vile vilivyofutwa. Alisoma kama mtu mwenye mtoto nyumbani.

— Samahani, alisema. Hapa mama anaaga, gari linaondoka. Mtoto alisemaje?

— Soma mbele, alisema Faili. Yupo.

— Nimesoma mpaka mwisho.

Wakagawana kurasa. Walitafuta kwenye vyeusi, wakatafuta kwenye vyekundu. Dereva alisema. Shangazi alisema. Karani aliandika barua. Hata mbuzi wa ukurasa wa thelathini alikuwa na hotuba. Kurasa sitini na moja, na mtoto hakuwa na neno hata moja.

— Alikuwa na adabu, alisema Faili, lakini kwa sauti ndogo.

— Tumeulizwa alisemaje, alisema Mama Pindo. Dakika, wewe ulikuwepo.

Dakika alivua kioo jichoni.

— Alisema, alijibu. Alimshika mama yake kanga, akasema, "Mama, na mimi..." Nikamwambia nyamaza, mtoto mkubwa halii mbele ya watu.

— Na mimi nini? aliuliza tarishi.

Dakika aliwatazama Breki, Faili na Mama Pindo, waliokuwa na neno kwa kila jambo, na wote watatu wakaangalia chini.

— Sijui. Sikumwacha amalize.

Mama Pindo alining'iniza birika juu ya kikombe, akasahau kumimina. Halikutoka hata tone.

— Basi nikasemeje ofisini? Utasaini? aliuliza tarishi.

— Hebu ningoje, mwanangu. Shule ya mjukuu wangu ni hapo nyuma, na mapumziko ni saa nne na nusu.

Alichukua penseli sikioni, akaitazama, akaiweka mezani kati ya vibano na mikanda ya saa. Akatoka mikono mitupu, kibanda wazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

— Utamwambia nini? Breki alimuuliza kwa nyuma.

— Simwambii kitu, alisema Dakika, akaenda.