Shangazi Fyuzi na Chaji Iliyokuwa Bure

Miaka thelathini na moja, ndugu zangu, na umeme haujawahi kumrusha hata mara moja. Ijumaa hii, tarehe 28, Shangazi Fyuzi, fundi umeme wa halmashauri yetu, anakabidhi funguo za stoo. Mimi, mwandika vibao wa halmashauri hiyohiyo, nilistaafu kabla yake, ila kikiwepo kibao cha kuandikwa lazima waniite, maana mji huu hauna mwandiko mwingine. Ndiyo maana na wasifu huu nimepewa mimi.

Alianza kwa kubadilisha taa za barabarani. Wanaume tulishika ngazi, tunatetemeka sisi, yeye juu anatuuliza kama tumekula. Ukimuuliza umeme utarudi lini, anakuuliza wewe ulikuwa unautumia kufanyia nini cha maana.

Lakini kazi aliyoipigania ni mashine ya kuchaji magari. Miaka mitano aliandika barua, kwa sababu mashine ya karibu ilikuwa mwendo wa kilomita tisini, na teksi za umeme zilikuwa zinafika hapa zinakokotwa kama mbuzi mbishi. Hatimaye ikaletwa moja, pale uwanja wa soko, kwa majaribio ya miezi mitatu bila malipo. Bosi wa kampuni iliyoileta akasema wazi: isipotumika, inang'olewa, inapelekwa mji mwingine.

Kibao niliandika mimi. Herufi nene, nyekundu, hata kipofu angezisifu: KUCHAJI HAPA NI BURE.

Magari yakawa yanakuja, yanapunguza mwendo, yanasoma, yanaondoka. Mwezi wa kwanza hakuna. Wa pili hakuna. Shangazi akaifungua mashine mara nne, akapima waya, umeme upo tele. Akaanza kukonda, na yeye si mtu wa kukonda.

Zilipobaki siku kumi na moja akachukua chupa ya chai, akakaa ukingoni mwa barabara, akasimamisha teksi ya kwanza. Akamuuliza dereva kwa nini hachaji. Dereva akamshangaa. Akasema mama, si mmeandika wenyewe kwamba ni bure, sasa mimi nipoteze muda wangu kwa kitu kisichofaa?

Shangazi alicheka mpaka akaishikilia mashine asianguke. Akaenda stoo, akachukua brashi, akaongeza chini kwa herufi zilizopinda kama miguu ya kuku: INAFANYA KAZI. HULIPI KITU.

Dereva yule akachaji palepale, akawaambia wenzake. Siku ya ukaguzi bosi alikuta foleni ya magari manne, na gari lake mwenyewe limebaki na chaji ya asilimia sita. Shangazi akamwambia foleni haina mkubwa, akammiminia chai, bosi akakaa ukingoni saa mbili nzima. Mashine haikung'olewa. Leo mji una sita, mpaka zahanati na stendi.

Bosi aliuliza nani aliandika kile kibao cha kwanza kilichofukuza magari. Ofisi nzima ikaniangalia. Shangazi akajibu kwamba yeye ndiye aliyetoa maneno, mwandishi alifuata tu. Uongo mtupu. Maneno yalikuwa yangu, na mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote hapa, siku ile nilinyamaza.

Basi nasema leo, mbele ya watu: lilikuwa kosa langu, na ahsante, dada yangu. Wenzako wote tunakuombea afya, usingizi wa mchana na miaka mingi ya raha.